Ramani ya Maandishi Yetu Isianzie London

Miaka kadhaa iliyopita niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu swali nililodhani ni jepesi. Niliwataka wanionyeshe, katika ramani ya dunia iliyotundikwa ukutani, mahali ulikotoka utenzi wa Al-Inkishafi. Msichana mmoja mwerevu, ambaye aghalabu hakosi jibu, aliinuka, akaja mbele, akaweka kidole chake juu ya London. Darasa halikucheka. Wenzake waliona kuwa amejibu sawa. Nilipomtaka aeleze, aliifungua nakala ya kitabu niliyokuwa nimewaletea, akanionyesha ukurasa wa mbele: kimechapishwa London, mwaka 1939. "Mwalimu," akaniambia kwa adabu, "si ndivyo kilivyoandikwa?"

Naam, ndivyo kilivyoandikwa, na mwana yule hakukosea kusoma. Kosa lilikuwa langu mimi, niliyemfundisha fasihi kwa zaidi ya miaka miwili bila kumwambia kwamba maandishi yana mahali pa kuzaliwa na mahali pa kupigwa chapa, na kwamba baina ya mahali hapo pawili huenda ikawapo bahari nzima na karne nzima. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliishi katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Utenzi wake unaomboleza fahari ya Pate iliyogeuka magofu. Umma wa Lamu na Pate uliusoma, ukaunakili kwa mkono na kuuhifadhi kwa moyo vizazi kadha wa kadha kabla ya mtambo wowote wa chapa kuugusa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafakari namna bora ya kufundisha historia ya maandishi yetu ya kwanza, na leo nina rai ya kuwatolea walimu wenzangu na wanafunzi wao. Rai yenyewe ni hii: tutumie ramani za kidijitali, lakini tusikubali kutumia ramani inayoonyesha mahali pa kupigwa chapa peke yake. Ramani ya namna hiyo, hata ikiwa imenakshiwa vipi, itawafundisha watoto wetu uongo kwa kutumia nukta za kweli.

Kwanza nieleze ninachokikusudia. Ramani ya ukutani ni bubu. Huionyesha dunia siku moja tu, siku ile ilipochorwa. Ramani ya kidijitali humjibu anayeigusa. Mwanafunzi akisogeza kidole, miaka hupita mbele ya macho yake. Akibonyeza nukta, hupata habari za kitabu, za mtunzi na za mchapishaji. Akitaka kuona njia za biashara hutandaza tabaka la njia za biashara, na akiona zinamchanganya huliondoa.

Maktaba za Chuo Kikuu cha Iowa, huko Marekani, zimetengeneza ramani ya aina hii iitwayo Atlas of Early Printing. Kazi yake ni kuonyesha jinsi ufundi wa kupiga chapa ulivyoenea barani Ulaya katika karne ya 15. Mwanafunzi huanzia Mainz, mji wa Ujerumani ambako Biblia ya Johannes Gutenberg ilikamilika takriban mwaka 1455. Akiisogeza miaka, miji mingine huchomoza kama nyota za magharibi: Subiaco, nchini Italia, mwaka 1465; Venice mwaka 1469; Paris mwaka 1470; Westminster, nchini Uingereza, mwaka 1476. Kisha huweza kutandaza juu yake vyuo vikuu, viwanda vya karatasi, njia za biashara na hata vita vya zama hizo.

Hapo ndipo somo linapoanza hasa. Mwalimu anaweza kueleza kwa maneno kwamba mwaka 1462 mji wa Mainz ulivamiwa katika ugomvi wa kuwania uaskofu mkuu, na kwamba wapiga chapa wengi wakatawanyika. Mwanafunzi ataandika daftarini, atajibu mtihanini, kisha atasahau. Lakini akiiona nukta ile moja, na baada ya miaka michache akaona nukta zikimwagika kuelekea kusini na magharibi, atauliza mwenyewe: kumetokea nini? Na akiona jinsi Venice, mji wa mabaharia na wafanyabiashara, ulivyojaa wapiga chapa, atauliza tena: kitabu ni mali ya msomi au ni bidhaa ya mfanyabiashara? Mwanafunzi anayeuliza maswali hayo bila kuulizwa amekwisha kuwa mwanahistoria.

Sasa tuje kwetu. Tuseme mwalimu amependezwa na ramani hiyo akataka kuwatengenezea wanafunzi wake nyingine kama hiyo kuhusu maandishi ya Kiswahili. Ataanzia wapi? Akifuata kanuni ya Ulaya, yaani kuweka nukta palipopigwa chapa, atapata orodha hii. Nukta ya mapema ataiweka Boston, Marekani, ambako mwaka 1847 zilichapishwa sura tatu za kwanza za kitabu cha Mwanzo, zilizofasiriwa na Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyefika Mombasa mwaka 1844. Itafuata Tübingen, Ujerumani, 1850, ambako Krapf alichapisha sarufi yake. Kisha London, 1870, kwa hadithi za Kiswahili alizozikusanya Edward Steere huko Unguja. Kisha Berlin, 1894, kwa mkusanyo wa Carl Büttner. Kisha Göttingen, 1903, kwa Desturi za Waswahili. Kisha Cambridge, 1915, ambako Al-Inkishafi ilitokea katika kitabu cha Stigand kuhusu lahaja. Kisha Johannesburg, 1940, kwa Diwani ya Muyaka.

Tazameni ramani hiyo, wasomaji wapenzi. Lamu haimo. Pate haimo. Siyu haimo. Mombasa haina hata nukta moja, ingawa nusu ya maneno yaliyomo vitabuni yalitoka vinywani mwa watu wake. Bagamoyo haimo. Pwani yote, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni tupu isipokuwa Unguja, ambako wamishonari na Sultani walikuwa na mitambo. Mtoto akiitazama ramani hiyo atakuwa na haki kamili ya kuamini kwamba lugha yake ilipewa fasihi na Wazungu. Ataweka kidole chake London, na safari hii tarakilishi itamwambia kuwa amepata.

Basi tufanyeje? Ninapendekeza kwamba kila maandishi yapewe alama nne badala ya moja. Alama ya kwanza iwe mahali pa kutungwa. Ya pili iwe mahali yaliponakiliwa au kukusanywa. Ya tatu iwe mahali pa kupigwa chapa. Ya nne iwe mahali hati yake inapohifadhiwa leo. Kisha mwanafunzi aziunganishe alama hizo kwa mstari, na kila mstari uandikwe miaka yake. Hapo ndipo kitabu kitakapogeuka safari, na safari haikosi msafiri, chombo, nauli na sababu.

Tuchukue mfano wa Muyaka bin Haji. Huyu aliishi na kutunga Mombasa, akafariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki katika kumbukumbu za watu wa mji wake. Mwishoni mwa karne hiyo Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliyakusanya na kuyafafanua, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. Hati za Taylor zikaishia London. Mwaka 1940, karne moja baada ya kifo cha mshairi, William Hichens akayatoa katika Diwani iliyochapishwa Johannesburg. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akayarudisha nyumbani kwa kitabu kilichotolewa Nairobi. Mombasa, London, Johannesburg, Nairobi: mstari huo mmoja una somo la wiki nzima. Kwa nini mashairi ya Mombasa yalihitaji kuzunguka bara zima ili yafike Nairobi, mwendo wa usiku mmoja kwa basi? Na Mwalimu Sikujua, ambaye bila yeye pengine mengi yangepotea, mbona jina lake halijulikani shuleni?

Mfano wa pili ni Desturi za Waswahili. Jalada la mwaka 1903 lina jina la Carl Velten. Lakini mchangiaji mkuu wa kitabu hicho alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, msomi aliyekwenda Berlin akawafundisha Wajerumani Kiswahili. Mstari wake unatoka Bagamoyo, unapita Berlin, unafika Göttingen, kisha unaruka hadi California mwaka 1981, ambako tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilichapishwa ikiwa na jina la Mtoro mwenyewe jaladani. Miaka 78 ilipita kabla ya mwenye maneno kutajwa pale mbele. Somo kama hili kuhusu haki ya mwandishi halifundishiki kwa fasili. Linafundishika kwa kuonyesha.

Mfano wa tatu ndio unaonigusa zaidi, kwa kuwa unatikisa hata neno lenyewe "kuchapishwa". Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia mwaka 1858. Alice Werner aliutoa katika jarida la Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1917, na mwaka 1934 yeye na Hichens wakautoa tena katika Medstead, kijiji kidogo cha Uingereza ambacho wengi wa Waingereza wenyewe hawajapata kukisikia. Je, kabla ya mwaka 1917 utenzi huo ulikuwa haujatolewa kwa umma? Wanawake wa Lamu walikuwa wameuimba, wameunakili na kuwasomea mabinti zao kwa zaidi ya nusu karne. Ikiwa maana ya kuchapisha ni kuyafikisha maneno kwa watu wayatumie, basi utenzi ule ulichapishwa Lamu, na mtambo wake ulikuwa koo na kalamu ya mwanzi. Medstead ni mahali ulipopigwa wino tu.

Huenda msomaji akadhani kwamba nataka kuwafuta wamishonari na wataalamu wa Ulaya. La hasha. Bila ya Taylor, Steere, Werner na wenzao tungekuwa maskini zaidi ya tulivyo, na mtu asiyemshukuru aliyemhifadhia mali yake hana adabu. Ninachokipinga ni kumgeuza mhifadhi kuwa mzazi. Ramani ya alama nne haimdhulumu yeyote. Inampa mtunzi chake, mkusanyaji chake, mchapishaji chake na mtunza maktaba chake.

Ramani hiyo, isitoshe, hueleza mambo ambayo vitabu vyetu vya kiada huyataja kwa sentensi moja. Kwa nini maandishi ya Krapf yalichapishwa Boston, wala si London? Tandaza tabaka la biashara utaona merikebu za Salem, bandari iliyo jirani na Boston, zikija Unguja. Na utakumbuka kuwa Seyyid Said aliwekeana mkataba na Marekani mwaka 1833. Maandishi hufuata njia ambazo pembe na nguo zilikwisha kuzifungua. Kwa nini Kiunguja, wala si Kimvita, ndicho kilichokubaliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928? Sababu ni nyingi, ikiwemo misafara iliyokieneza Kiunguja bara na utawala uliokitumia. Lakini mwanafunzi akiitazama Unguja ya Steere na mtambo wa misheni, ambako vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa ndio waliojifunza kupanga herufi. Akaliona gazeti la Msimulizi likizaliwa hapo mwaka 1888. Akaona Kiongozi likitokea Tanga mwaka 1904 na Mambo Leo Dar es Salaam mwaka 1923, ataelewa kwamba lahaja yenye mtambo huwa na sauti ndefu kuliko lahaja yenye washairi peke yao. Na hapo hapo ataona jinsi Mombasa ilivyojibu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932.

Kuna tahadhari tatu ambazo ni wajibu wangu kuzitaja, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ya kwanza, nukta ina kiburi. Hukaa ramanini kama kwamba hakuna shaka yoyote, ilhali mahali na miaka ya kutungwa kwa tenzi nyingi hubishaniwa na wataalamu. Palipo na shaka tusichore nukta. Tuchore duara pana lililofifia, na kando yake tuandike sababu za shaka. Mwanafunzi atajifunza kwamba kutojua, kukikiriwa kwa uaminifu, nako ni sehemu ya elimu.

Ya pili inahusu hati. Tenzi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na vitabu vingi vilivyochapishwa vikazigeuza kuwa za Kirumi. Rangi ya nukta na ionyeshe aina ya herufi. Bila hivyo tutawafanya watoto waamini kwamba Waswahili hawakuwa na maandishi hadi walipoletewa.

Ya tatu inahusu majumba ya watu. Zipo familia za pwani ambazo hadi leo zina hati za kale masandukuni. Mwanafunzi akipewa kazi ya kuuliza nyumbani, huenda akagundua hazina. Ni jambo jema mno, lakini jina la familia na nyumba yake visiwekwe kamwe ramanini bila idhini yao. Tusije tukawaonyesha wezi na walanguzi njia kwa kisingizio cha elimu. Jina la mji latosha.

Najua baadhi ya walimu wanasoma haya huku wakitikisa kichwa. Umeme hauna uhakika, vifaa ni haba, na mwalimu mwenyewe hakufundishwa kutengeneza ramani. Malalamiko hayo ni ya haki, nami nimeyaonja. Hata hivyo, tangu mwaka 2016 serikali imepeleka vishikwambi katika shule za msingi, na mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 unautaja ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Kishikwambi kisichopewa kazi ya maana hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia. Ramani huru kama OpenStreetMap hazitozwi ada, na kipakatalishi kimoja cha mwalimu chaweza kulihudumia darasa zima likigawanywa katika makundi, kila kundi likishughulikia kitabu kimoja.

Na pale ambapo hakuna hata hicho kimoja, kazi isingoje. Mimi nilianza kwa ramani ile ile ya ukutani, pini na uzi wa kushonea: mwekundu wa kutungwa hadi kukusanywa, mweusi wa kukusanywa hadi kupigwa chapa. Kazi ngumu ya somo hili ni kusoma dibaji, kulinganisha miaka na kubishana mahali pa kuweka pini. Hiyo hufanywa na akili, si na umeme. Tarakilishi ikija, itayakuta maarifa tayari na kuyapa mwendo. Ikija kabla ya maarifa, itatuonyesha nukta za watu wengine.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba ramani hii wasitengenezewe wanafunzi, bali waitengeneze wao. Ramani iliyokamilika hutazamwa mara moja ikasahauliwa. Mwanafunzi aliyetafuta mwenyewe kijiji cha Medstead, akakipata, akauvuta mstari hadi Lamu, hatausahau utenzi wa Mwana Kupona maishani. Vyuo vyetu vya ualimu vingefanya hisani kubwa kwa kuwazoesha walimu wapya kazi hii, na idara za Kiswahili, Historia na Jiografia zingeacha kujifungia kila mmoja chumbani mwake, kwa sababu somo hili ni lao wote watatu.

Msichana yule wa London nilimrudishia swali wiki iliyofuata. Nilimpa kibunda cha uzi nikamwambia aoneshe tena ulikotoka Al-Inkishafi. Aliifunga ncha moja kwenye visiwa vya Lamu, akaupeleka Cambridge, akaufikisha London, kisha akasita. Kitabu alichokuwa nacho mkononi kilisema kwamba chapa yake ya pili ilitolewa Nairobi mwaka 1972. Akaurudisha uzi hadi Nairobi, akanigeukia. "Mwalimu," akasema, "bado kidogo tu ufike nyumbani." Uzi uliobaki baina ya Nairobi na Lamu ni juu yetu sisi walimu kuufunga.